Gauni la Namba Saba

Tarehe 9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje kwa mvua hizi? Na binamu yangu wa gereji, ameacha kukoroma au mkewe ameamua kuzoea? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma. Wiki nzima nimekalishwa kwenye kiti kirefu kisicho na pa kuegemea.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kampuni imetunyang'anya simu sote mpaka filamu iishe, eti picha zisivuje. Kila asubuhi tunaziweka kwenye sanduku la chuma, na ufunguo anao meneja wangu. Jioni ananirudishia yangu, lakini nina hakika anapitia ujumbe wangu kwanza. Juzi alinipa pole ya jino, na jino lile nililalamika kwako peke yako.

Filamu yenyewe ni ya nne, na ndiyo ya kwanza ambayo mimi ndiye mhusika mkuu. Tunarekodi kwenye ghala lililokuwa la mbao. Ukivuta pumzi unavuta na vumbi la msumeno. Mwongozaji hapigi kelele, anakutazama tu mpaka unajua umekosea.

Sasa nikuambie jambo linalonisumbua. Mpambaji wetu ni mpya, na wote wanamwita Poda. Ni mwanamke wa rika langu, mwembamba, maneno yake ni ya kuhesabu. Asubuhi ya kwanza alinigeuza uso kuelekea kwenye taa, akasogeza nywele zangu, akasema kumbe hiki kidoti nyuma ya sikio bado kipo. Nikamuuliza amekijuaje. Akasema kazi yake ni nyuso, akaendelea na brashi.

Siku ya tatu nilimtazama kwenye kioo wakati ameinama kutafuta pamba, na nikamjua. Ni namba saba wa mashindano yetu ya urembo, Shangazi. Mimi nilikuwa namba kumi na moja, na yeye ndiye yule ambaye akitembea hata wasimamizi walikuwa wanaacha kuongea. Siku mbili kabla ya fainali akatoweka. Tukaambiwa ameugua. Mimi nikavishwa taji, mshindi akapelekwa kujaribiwa mbele ya kamera kama ilivyoahidiwa, nikapewa sehemu ya karani mwenye sentensi mbili, na sentensi mbili zile ndizo zilizonifikisha hapa. Miaka kumi sasa.

Wewe uliwashonea nusu ya wasichana mwaka ule. Unamkumbuka? Aliugua nini?

Kila asubuhi nakaa mbele yake saa nzima na nusu nimefumba macho. Hajanifanyia ubaya wowote. Lakini sipendi kufumba macho.

Mwanao,
Mlingoti


Tarehe 2 Februari

Mwanangu Mlingoti,

Marahaba. Goti langu ni kama mwenye nyumba, linakuja likitaka na haliagi. Binamu yako bado anakoroma, na mkewe sasa anaweka pamba masikioni. Paa limevuja juu ya meza ya kukatia, sare kumi na mbili za shule zikalowa, nikazianika upya kama vile nimezifua. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili aliazima gazeti lenye picha yako na hajarudisha. Nadhani ameliweka ukutani. Wateja wengine wanakuja na kifungo kimoja cha kushikiza ili tu waniulize habari zako. Nawashonea kifungo na habari siwapi.

Bahasha hii nimeishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi wa rangi nyingine, jua huyo meneja wako ana sindano.

Kuhusu huyo mpambaji, sikumbuki. Niliwashonea wasichana kumi na wanane, na fundi hawezi kukumbuka kila kiuno. Wasichana huugua, ndiyo miili ilivyo. Tena huenda si yeye, duniani watu wawili wawili. Ila kwa kuwa umeniuliza, nakuomba ununue poda yako mwenyewe na brashi zako mwenyewe. Usimruhusu akuguse machoni. Usinywe chai aliyoimimina yeye, wala usimwambie unakaa wapi. Mtu aliyewahi kupimwa gauni la hariri ya kijani akaishia kuwapaka wengine poda, moyoni mwake hamna nafasi ya kukutakia mema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na usiwaulize watu mambo ya mashindano ya zamani. Maji yakishamwagika hayazoleki, unalowanisha miguu tu.

Macho yangu ni yale yale mabovu, sishoni magauni kama ujuavyo. Sare na mapazia vinanitosha.

Shangazi yako


Tarehe 24 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Uzi ulikuwa mweusi, usiwe na wasiwasi. Pole kwa paa. Mwambie mwalimu nitamletea picha kubwa ili akurudishie gazeti lako.

Nilifuata ushauri wako na umeniponza. Nilinunua poda yangu, nikajipaka mwenyewe, nikatoka mbele ya taa nikiwa na uso wa rangi mbili, mashavu huku na shingo kule. Mwongozaji alinitazama kwa ule mtazamo wake. Kazi ikasimama, watu arobaini wakinisubiri. Poda akaja bila kuitwa, akanifuta, akanipaka upya kwa dakika kumi na tano. Hakucheka. Ningefurahi kama angecheka.

Kuna jingine. Katika onyesho la mazishi nilisahau maneno, nikainua macho, nikamwona amesimama nyuma ya kamera ananitajia kwa midomo, neno kwa neno. Muswada wote anao kichwani. Mpambaji anahitaji muswada wa nini?

Wiki hiyo hiyo gazeti la udaku likaandika kwamba taji langu la urembo lina doa, na kwamba yupo mtu wa karibu anayelijua doa lenyewe. Meneja alipolisoma alisema moja kwa moja kwamba ni Poda, na kwamba nikitaka anaweza kumwondoa hata kesho. Nikamwambia asubiri.

Kesho yake nilimuuliza Poda mwenyewe. Nilimwambia namjua, alikuwa namba saba, na nikauliza aliugua nini mwaka ule. Brashi ilibaki hewani. Akasema, "Niliambiwa niugue, nikaugua." Kisha akaniomba nitazame juu anipake wanja.

Sasa nisome vizuri, Shangazi. Barua yangu ya kwanza nimeikumbuka neno kwa neno, maana niliiandika mara mbili. Nilikuandikia habari za namba saba. Rangi ya gauni sikuandika. Wewe usiyekumbuka viuno umekumbuka hariri ya kijani. Ulikumbukaje? Na kwa nini ulinitahadharisha hivyo dhidi ya mtu ambaye humjui?

Nijibu kabla meneja hajaamua kwa niaba yangu.

Mlingoti


Tarehe 30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima hakuna jibu. Binamu ameniambia jioni moja kwenye simu kwamba mnaendelea vizuri, kwamba barua yangu umeisoma mara mbili na umeiweka ndani ya kopo la bobini za cherehani. Kwa hiyo haikupotea.

Sikuweza kusubiri. Meneja aliniuliza tena, na Poda akaondolewa kwangu, akapelekwa kuwapaka wale wa kundi, wapita njia na waombolezaji. Mimi nilikubali kwa kichwa, bila kufungua mdomo, ili nisiseme baadaye kwamba nilisema.

Siku nane baadaye niliingia ofisini kwa meneja kuchukua simu, nikakuta mezani karatasi yenye ile habari ya doa, kwa mwandiko wake, na maneno mengine ameyakata na kuandika makali zaidi. Hakuona haya. Alisema filamu isiyosemwa haitazamwi, na kwamba kila malkia wa urembo ana doa, alikisia tu. Kumbe alikuwa amepiga jiwe gizani.

Basi nimemwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, na yeye alikubali kama mtu aliyezoea.

Nina swali moja tu. Ni nani aliyemwambia augue?

Mlingoti


Tarehe 16 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Paa limezibwa. Habari nyingine za hapa hazina maana leo.

Barua hii nimeianza mara tano. Nne nimezitumia kukatia kiolezo cha kola.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka tisa, ukaja na begi moja na miguu mirefu. Nikakushonea nguo zote unazozijua. Ulipoanza mashindano ya mtaani ukawa wa pili, nikasema ni gauni. Tukaenda ya mji, ukawa wa pili tena. Ulirudi ukakaa chini ya meza ya kukatia, pale ulipozoea kukaa utotoni, na miguu ikatokeza nje. Hukulia. Ningependa ungelia.

Mwaka ule wa taifa, waandaaji walinipa chumba kidogo nyuma ya jukwaa, chenye kioo kimoja na pazia. Wasichana wakaingia mmoja mmoja kujaribishwa magauni. Yule aliingia siku nne kabla ya fainali. Hariri ilikuwa inambana kidogo kiunoni, nikamwambia avue nichore pa kuachia. Akasita. Akasema yeye mwenyewe anaweza kuchora. Nikamwambia mwanangu, mimi ni fundi, nimeona miili mingi kuliko daktari. Akavua. Kulikuwa na kovu chini ya kitovu, la upasuaji, la mtu aliyezaa. Alinitazama kwenye kioo, hakuniomba. Alisema tu, "Fundi, ana miaka miwili." Nikamwambia asiwe na shaka. Nikachora chaki, nikashika pini mdomoni, nikamaliza kazi.

Sheria ya shindano unaijua: asiwe ameolewa, asiwe amezaa.

Nilikaa na jambo lile siku moja na nusu. Kisha nikamwona akifanya mazoezi ya kutembea, nawe nyuma yake. Nikaenda kwa yule mama mratibu, aliyekuwa na funguo nyingi kiunoni. Nikamwambia, "Namba saba amezaa." Maneno matatu. Hakuniuliza nimejuaje. Alichukua kalamu, nami nikarudi kwenye cherehani.

Mficha uchi hazai, wanasema. Yule alizaa, akaficha, akanivulia mimi kwa sababu mimi ni fundi. Tangu siku ile sijamshonea mwanamke gauni. Si macho. Macho yangu yanatunga uzi bila miwani mpaka leo.

Unataka kujua kama angekushinda. Hujaniuliza lakini najua unataka. Sitasema.

Sasa umejua. Sijui utafanya nini nalo, na siku hizi sikujui kama nilivyokujua. Umejifunza kusema maneno ya watu wengine ukalia machozi yako mwenyewe. Hata barua zako nazisoma nikitafuta ni nani aliyeziandika. Ukitaka kunitaja kwa yule mwanamke, nitaje. Ila fikiri kwanza kwamba nilikuwa nakulinda wewe.

Bahasha nimeishona mara mbili.

Shangazi yako


Tarehe 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu ulinifundisha kusalimu.

Usiniambie ulikuwa unanilinda. Hilo nitaliongea siku nikiweza.

Filamu tumeimaliza. Mabango yamebandikwa kwenye makutano makubwa, uso wangu una urefu wa ghorofa moja. Watu wananisimamisha barabarani kunipongeza, nami kila pongezi naigeuza kuitazama chini yake. Mwongozaji alisema nimezaliwa kwa kazi hii, nikataka kumuuliza ana uhakika gani. Hivyo ndivyo nilivyo sasa.

Siku ya mwisho ya kurekodi nilimfuata Poda kule kwa watu wa kundi. Ni chumba cha mabati, vioo viwili vya kushika mkononi, foleni ya wanawake ishirini waliovaa nguo za msiba. Alikuwa anawachafua macho kwa masizi ili waonekane wamelia. Nilisimama mwisho wa foleni kama wengine mpaka ikaisha. Wanawake wakacheka, wakadhani ni mchezo.

Nilipokaa mbele yake nilimwomba radhi kwa kuhamishwa. Akasema ni kazi ile ile, nyuso tu zimeongezeka. Nikamwambia nimejua kuhusu kovu. Akaweka chini sponji.

Alinieleza kwamba waliitwa wanawake wawili wakamvua nguo kwenye ofisi ya mratibu, wakatazama, wakampa karatasi asaini kwamba anaumwa, ili shindano lisiaibike. Mama yake alikuwa tayari ameshakata tiketi ya kuja kumwona. Alisema tangu siku ile alijua aliyesema ni mimi, maana tulikuwa tunabadilishia nguo chumba kimoja, na aliyefaidika ni mimi.

Nikauliza kwa nini basi aliomba kazi kwenye filamu yangu. Nakuandikia alivyojibu.

"Nilitaka nikuone asubuhi, kabla hujapakwa kitu, nijue kama unalala. Nimekuchunguza miezi miwili. Hakuna hata kivuli chini ya macho. Unalala vizuri sana. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa."

Nikamwambia si mimi niliyesema. Akauliza, "Nani basi?"

Shangazi, ningeweza kujisafisha kwa neno moja. Sikukutaja. Alinisubiri, akaona sisemi, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Akafungasha brashi zake, akaniambia nisifute macho kwa mkono, wanja utasambaa.

Sasa anaamini ni mimi, na tena ni mwoga. Nimekubebea hilo mara moja kwa sababu ya zile nguo zote ulizonishonea. Mara ya pili sibebi. Amerudi kwenye saluni yake, iko nyuma ya duka la vioo, mtaa wa pili kutoka kituo kikuu cha mabasi, mlango wa bluu. Njoo ukaseme kwa kinywa chako.

Na ndiyo, nataka kujua kama angenishinda. Umenijua vizuri tu.

Mlingoti


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba. Shule zinafungua mwezi ujao, nina sare sitini, na binamu yako ameumia kidole kwa jeki.

Unaniita nije. Peke yangu, au kutakuwa na wenye kamera mlangoni? Nauliza kwa sababu filamu yako iko karibu kutoka, na meneja wako alishasema anavyozipenda habari. Shangazi mzee anayelia kwenye saluni angefaa sana gazetini. Simaanishi wewe umepanga. Namaanisha sijui ni nani anapanga huko.

Sisemi nakuja. Sisemi siji.

Shangazi yako


Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Sote wazima, kidole cha binamu yako kimepona. Yeye na mkewe walikwenda kuitazama filamu yako. Walisimama kwenye foleni saa mbili, na kwenye onyesho la mazishi mkewe akamshika mkono, jambo ambalo anasema halijatokea tangu wafunge ndoa. Mimi sijaiona bado.

Nilikuja huko. Jumanne ya wiki iliyopita, kwa basi la alfajiri, nikarudi jioni ile ile. Sikukuambia kwa sababu sikukuamini. Nilidhani ukijua siku, na mwenye ufunguo wa sanduku ataijua. Nilipofika mtaa ule nilipita mlango wa bluu mara mbili nikitazama kama kuna gari limesimama vibaya au mtu ana kamera. Hakukuwa na mtu, ila fundi vioo aliyeniuliza kama nimepotea. Unisamehe kwa hilo. Nimeishi na siri ile muda mrefu mpaka kila mtu naona ana yake.

Saluni ni chumba kimoja, viti viwili, sinki, kikausha nywele kilichofungwa kwa utepe. Yeye alikuwa anafua taulo. Pembeni, kwenye kimeza cha rangi za kucha, alikaa msichana wa miaka kumi na miwili anaandika masomo yake. Alivaa sare, na upindo wa sketi ulikuwa umefumuka. Nilipoona ule upindo nikajua nimefika.

Alinitambua kabla sijasema. Aliniita Fundi. Nilibaki nimesimama, nikamwambia kwamba mpwa wangu hakuwahi kujua kitu, kwamba aliyesema ni mimi, na kwamba nilisema kwa sababu nilimwona akitembea. Sikumwambia habari za baba yako wala za miguu chini ya meza. Njiani nilikuwa nimeyapanga yote hayo ili anionee huruma, lakini nilipomwona mikono ina povu yakanitoka.

Akakamua taulo, akaitundika, akakamua nyingine. Kisha akamtazama yule mtoto aliyekuwa ameinama kwenye daftari kama asiyesikia. Akasema:

"Rudia. Na uongee naye, usiongee na mimi."

Sikuelewa. Akaniambia kwamba mwaka jana binti yake aliikuta picha ya mazoezi ya shindano, akauliza kwa nini hakuwa malkia. Siku hiyo umeme ulikatika, mteja alikuwa amekasirika, naye akajibu kwa hasira kwamba kama si mtoto huyo kuzaliwa, angekuwa. Ameomba msamaha mara nyingi. Mtoto anasema amesamehe, lakini tangu siku ile hajamwomba mama yake kitu chochote, hata kalamu.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya msichana. Mwanangu, nimewahi kukaa mbele ya watu wa kodi, na daktari aliyeniambia habari za baba yako, lakini sijawahi kukaa hivyo. Nikamwambia, "Si wewe uliyemvua mama yako taji. Ni mimi. Aliniamini nikamsema kwa watu. Wewe ulikuwa na miaka miwili, hukufanya kitu."

Akanitazama kama anavyotazama mtu anayepima kitambaa. Akauliza kwa nini nilimsema. Nikamwambia niliogopa. Akauliza niliogopa nini. Nikamwambia, nilivyomwona mama yake anatembea.

"Alikuwa anatembeaje?"

Nikamwambia kutembea kule hakuelezeki kwa maneno. Msichana akamgeukia mama yake, akamwomba atembee. Lilikuwa ombi dogo tu, lakini nilimwona mwanamke yule akishika ukingo wa sinki. Alisema ana kazi, alisema sakafu ina maji. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda mpaka mlangoni, akasimama kidogo ametupa mgongo, akatembea kuja kwenye sinki. Ana viatu vya plastiki na taulo begani. Hatua kama saba, chumba hakina zaidi. Alipogeuka, msichana alikuwa amesimama, amesahau kalamu mkononi.

Hakunisamehe. Sikumwomba. Aliniambia nikitoka nivute mlango kwa nguvu maana haufungi vizuri, na msichana akanisindikiza hadi kwenye duka la vioo. Nilimwambia nina sindano na uzi kwenye mkoba, nikampindia ile sketi pale pale barabarani, ameegemea ukuta.

Mlingoti, filamu ulizozifanya baada ya lile taji ni jasho lako, na mtu akikunyima hilo mlete kwangu. Lakini uliniuliza jambo, nami nimelikimbia kwa barua mbili. Angekushinda. Hata kwa mbali usingemfikia. Nilijua siku ile na Jumanne nimejua tena.

Ukitaka kuja nyumbani, njoo. Usipotaka, nitaelewa, nitaendelea kuandika.

Bahasha hii sijaishona.

Shangazi yako